Rundo la Kiswahili

Mzee anayeniuzia vitabu vya mtumba mjini Thika hupanga biashara yake chini, juu ya gunia, kwa marundo matano. La kwanza ni Biblia na vitabu vya maombi. La pili ni vile vya kukufunza kutajirika kabla hujafika miaka thelathini. La tatu ni vya shule. La nne ni noveli, yaani chochote cha Kiingereza chenye stori ndani. La tano, lile lililo karibu na mtaro, ni Kiswahili.

Siku moja nilichomoa kitabu kutoka rundo la tano. Jalada lilikuwa limeshikiliwa na selotepu. Walenisi, cha Katama Mkangi. Nikakipekua huku na huku nikiwa nimesimama.

"Mzee, hii si ni noveli?"

"Hiyo ni Kiswahili, kijana."

"Lakini ni stori. Kuna jamaa anarushwa angani na chombo."

"Hata akirushwa. Ni Kiswahili. Leta soo."

Nikatoa soo, nikapanda matatu ya kurudi Witeithie, nikaanza kusoma. Nilipoinua macho tulikuwa tumeshapita steji yangu, tuko Juja. Ikabidi nivuke barabara nitafute gari la kunirudisha.

Riwaya hiyo ilichapishwa mwaka wa 1995, miaka minne kabla sijazaliwa. Mkangi alikuwa mhadhiri wa sosholojia katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na miaka ya 1980 serikali ya Moi ilimweka kizuizini. Mhusika wake, Dzombo, anahukumiwa kifo, na njia ya kumuua ni kumtia ndani ya chombo cha kuruka na kumrusha. Hafi. Anafika nchi inayoitwa Walenisi, ambako watu wanaishi kwa usawa ambao kwao hakuwahi kuuona. Likate hilo jina vipande utaona limeficha nini: wale ni sisi.

Nilifurahi kwa dakika kama kumi. Halafu nikakasirika.

Nilikasirika kwa sababu nilipokuwa na miaka ishirini na miwili, mwaka ule ule nilioacha chuo, niliandika hadithi ya Kiswahili yenye chombo cha kuruka ndani, na nikawaambia marafiki zangu wote kwamba mimi ndiye wa kwanza. Niliamini hivyo kabisa. Nilikuwa nimesoma sai-fai za Marekani kwenye simu hadi macho yakauma, na kwa Kiswahili sikuwa nimeona hata moja. Kumbe hazikuwa zimekosekana. Zilikuwa kando ya mtaro, kwenye rundo ambalo hakuna mtu wa rika langu huinama kulichambua, kwa sababu Kiswahili kwetu si lugha ya stori, ni somo. Ni Karatasi ya Tatu. Ni noti, dondoo na alama ishirini.

Kwa hivyo mtu akiniuliza kama lebo zinasaidia fasihi ya kisayansi au zinaiumiza, siwezi kuanza pale wengi wanapoanzia, kwamba lebo ni pingu, msanii aachwe huru. Hadithi ya Mkangi iliachwa huru. Ilikuwa huru kiasi kwamba mtoto aliyeihitaji alikaa miaka akidhani ni yatima.

Najua pia lebo inavyoleta chakula. Kazi inayonilipia keja ni kuandika maelezo ya nyuma ya vitabu kwa waandishi wa ng'ambo wanaojichapisha wenyewe. Kila mteja ananitumia fomu, na swali la kwanza kwenye fomu halihusu kitabu kinasema nini. Linauliza aina. La pili linauliza aina ndogo. La tatu linataka vitabu vitatu vinavyofanana nacho. Mwanzoni niliona ni ushenzi. Sasa naelewa kwamba fomu hiyo inatafuta watu. Mwanamke fulani aliye mbali huko anapenda hadithi za meli za angani zenye mapenzi ndani, na bila hilo neno moja hatawahi kukutana na mwandishi wake. Lebo ni steji. Gari haliwezi kukupakia kama hujui pa kusimama.

Lakini hadithi yangu mwenyewe lebo iliigonga pande zote mbili. Inahusu Witeithie ya miaka mingi ijayo, ambapo mvua ina mwenyewe na maji yanauzwa kwa tokeni kama stima. Mhariri mmoja wa hapa nchini alinijibu kwa upole: lugha ni nzuri, ila sai-fai hatuchapishi, je, unaweza kuigeuza iwe ya watoto? Kwenye hadithi hiyo kuna mama anayekufa kwa kiu mlangoni pa benki. Nikaitafsiri kwa Kiingereza, nikaituma kwa jarida moja la ng'ambo linalochapisha sai-fai peke yake. Wakasema haina sayansi ya kutosha. Huku imezidi, kule imepungua, na neno ni lile lile.

Hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba tunauliza swali vibaya. Tunaongea juu ya lebo kana kwamba ni sanduku, tunabishana kama kitabu kinatoshea au hakitoshei. Nadhani lebo hufanya kazi nyingine kabisa. Inamwambia msomaji aje na swali gani, na asadiki kiasi gani.

Nitaeleza kwa kitabu ambacho wengi wetu tumekisikia hata kama hatujakisoma. Kusadikika cha Shaaban Robert kilitoka mwaka wa 1951, na jina lake kamili ni Kusadikika, Nchi Iliyo Angani. Ninapokumbuka kidato cha tatu naona ubao, na juu yake "Aina za Riwaya", na chini yake orodha: ya kihistoria, ya kijasusi, ya kisaikolojia, ya kifumbo. Mbele ya kifumbo, mfano: Kusadikika. Mwalimu akaeleza kwamba mwandishi aliishi Tanganyika chini ya ukoloni wa Mwingereza, hakuweza kusema wazi, kwa hivyo akaficha. Nchi ya angani ni Tanganyika. Watawala wake ni wakoloni. Tukaandika, tukapiga mstari, kengele ikalia.

Si uongo. Ila angalia kile ambacho neno "kifumbo" lilitufanyia. Lilitupa swali moja tu: nani anawakilisha nani? Ukishalijibu, kitabu kimeisha. Hakuna aliyeinua mkono kuuliza jambo ambalo mtoto yeyote angeuliza: nchi inaning'iniaje angani? Mtu akiteleza mpakani anaangukia wapi?

Na kitabu chenyewe kinakaribisha maswali hayo. Mshtakiwa Karama, akijitetea mahakamani, anasimulia habari za wajumbe sita ambao nchi hiyo iliwatuma pande sita: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, juu mbinguni na chini ardhini. Kila mmoja alirudi na maarifa ya kuifaa nchi, na kila mmoja akalipwa mateso. Isome tena ukisahau ubao. Hiyo ni nchi iliyo angani yenye mpango wa kuvumbua dunia nyingine. Inawatuma watu wake hadi huku chini tuliko sisi, na hadi juu kusikojulikana, kisha inawafunga waliorudi. Swali si tena Mwingereza ni yupi. Swali ni nchi inapoteza nini inapomfunga anayerudi na habari, na itachukua muda gani kabla hakuna tena anayekubali kutumwa. Hilo swali halikwisha mwaka wa 1961. Liko hapa, na lina umri wangu.

Ndiyo maana sikubali kwamba lebo ni kitu kidogo cha wauza vitabu. "Fumbo" humwambia msomaji: kinachosemwa hapa sicho, maana yenyewe iko pengine. "Sai-fai" humwambia: chukulia kwamba kinachosemwa hapa ndicho, kisha fuata uone kinakufikisha wapi. Hizo ni njia mbili tofauti za kusadiki. Vitabu vyetu vimepewa ile ya kwanza peke yake kwa miaka mingi, hadi tukadhani Mwafrika akiandika juu ya mashine lazima awe anaongea juu ya rais.

Shetani Msalabani ya Ngũgĩ wa Thiong'o ni kisa kingine. Aliiandika kwa Gĩkũyũ, kwenye karatasi za choo, akiwa gerezani Kamiti mwaka wa 1978, na ikachapishwa 1980. Kila mtu anajua hiyo ni riwaya ya siasa. Ndiyo, ni ya siasa. Lakini humo kuna mashindano ya wezi, na kila mwizi anapanda jukwaani kueleza mradi wake. Mmoja anataka kunasa hewa na kuiuza. Mwingine anataka kiwanda cha kutengeneza viungo vya mwili vya akiba, ili tajiri awe na mioyo miwili na asife haraka. Mwingine anataka shamba la kukamua jasho, damu na akili za wafanyakazi na kuzisafirisha ng'ambo kwa mabomba. Tukisema ni kejeli tunacheka na kufunua ukurasa. Tukisema ni sai-fai tunalazimika kukaa na wale wezi na kuuliza: huo mradi ungeendeshwaje? Nani angesaini mkataba? Nani angeajiriwa pale getini, na angekuwa binamu wa nani? Naandika maneno haya karibu na mji wa viwanda. Swali la nani anakamuliwa na jasho linaenda wapi si fumbo huku kwetu.

Upande wa pili wa shilingi nauona kwa Pumzi, filamu fupi ya Wanuri Kahiu ya mwaka wa 2009, ambayo mwanzoni mwa 2010 ilionyeshwa katika tamasha la Sundance. Hiyo ilizaliwa na lebo yake tayari. Iko miaka thelathini na mitano baada ya Vita vya Tatu vya Dunia, ambavyo ni vita vya maji. Watu wanaishi ndani ya kuta, wanasafisha mkojo na jasho lao na kuyanywa tena, na ukiota ndoto unaambiwa umeze dawa ya kuzuia ndoto. Niliiweka kwenye laptopu usiku mmoja, jirani yangu akaingia kuomba chaja, akabaki. Yeye huamka alfajiri kupanga mitungi kwenye foleni maji yakikatika. Alipoona mhusika anapima maji yake tone kwa tone, akasema, "Lakini hii si sayansi. Hii ni Witeithie mwezi wa pili."

Nilicheka, lakini alikuwa amegusa ubaya wa lebo kuliko profesa yeyote. Ukiandika "mambo yajayo" juu ya kiu, mtu aliye na bomba linalotoka maji anapumua: ah, bado. Unakuwa umesogeza kiu ya jirani yangu mbele, hadi tarehe ambayo hakuna atakayeulizwa. Kwa msomaji wa mbali ni onyo. Kwake yeye ni habari za jana, na kumwambia ni ndoto ya kisayansi ni kama kumwambia meza dawa.

Hata hivyo hakuondoka. Mwishoni, yule dada anapoutoa mche nje ya kuta na kuupanda kwenye mchanga mkavu, jirani alisogea karibu na skrini na kuuliza, "Sasa huo mti, maji yakiisha?" Hilo ndilo swali. Nani anamwagilia, kwa maji ya nani, kwa siku ngapi. Hakuuliza mti unawakilisha nini.

Ng'ambo ugomvi huu wanao, ila wa kwao una nafasi ya kuchagua. Margaret Atwood alijitenga kwa miaka na jina la sai-fai, akisema anaandika mambo ambayo yanaweza kutokea kweli. Mwaka wa 2009 Ursula Le Guin alimjibu hadharani kwamba kujitenga huko kunamkinga na dharau ya wasomaji wanaoiona sai-fai kama mtaa wa mabanda. Wote wawili ninawaelewa. Lakini Atwood alikuwa na nyumba nyingine ya kuhamia. Mkangi alihamishiwa rundo la Kiswahili bila kuulizwa. Na nafurahi kwamba tuzo ya kwanza yenye jina la huyo huyo Le Guin, mwaka wa 2022, ilimwendea Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa kwa The House of Rust, stori ya msichana anayeingia baharini kumtafuta babake akiwa na paka anayeongea. Kitabu hicho ni cha Kiingereza. Kwa mzee wangu wa Thika kingeingia rundo la noveli moja kwa moja.

Kuna jambo moja zaidi, na hili si la vitabu.

Ukitoka Nairobi kuja Thika, kando ya hii barabara kuu iliyofunguliwa 2012, utaona mabango ya ploti. Hamsini kwa mia, lipa polepole, hatimiliki iko tayari. Kwenye bango kuna picha ya kompyuta: nyumba zenye vioo, nyasi za kijani ambazo jua la Januari halijawahi kuzigusa, mtoto mwenye baiskeli. Mtaa huo haupo. Ni wa siku zijazo, umebuniwa na mtu aliyekaa mbele ya mashine. Kwa kipimo chochote, hiyo ni sai-fai. Lakini lebo iliyoandikwa pale chini ni "uwekezaji".

Shosho wangu na wenzake wa chama walisadiki picha kama hiyo. Walichanga kwa miaka mitatu, pesa za mayai na za vibarua vya kuchuma kahawa. Siku walipokodisha matatu kwenda kuona ploti zao walikuta mti wa miiba, mbuzi wanne, na mwanamume mwenye hatimiliki yake ya tangu zamani. Kampuni yenyewe siitaji. Shosho hakulia mbele yetu. Aliuliza tu, "Kwani ile picha ilikuwa ya nini?"

Nimefikiria swali la Shosho kuliko mengi niliyoulizwa chuoni. Kama pale kwenye bango pangeandikwa "hii ni hadithi", angejua afanye nini nayo. Angeuliza maji yatatoka wapi, barabara itapita kwa shamba la nani. Angeipima, kama jirani yangu alivyoupima ule mti. Walioogopa neno "hadithi" si waandishi. Ni wauza ardhi.

Kwa hivyo nimeamua upande, na sasa nausema bila kuzunguka. Naitaka lebo. Naitaka kwa sababu ni uaminifu: inamwambia msomaji kwamba nimebuni, na inamwalika anikague. Naikataa pale inapofika kabla ya kitabu, ikiwa na jibu mkononi, iwe ni ya mhariri anayesema hii ni ya watoto, au ya mwalimu anayesema hii ni Mwingereza, au ya tamasha linalosema hii ni kesho. Najua ninachokiomba ni kigumu, neno lenye kukusanya watu bila kuwafungia. Labda haliwezekani. Lakini kuishi bila neno tumejaribu, na matokeo yako kando ya mtaro.

Mwezi uliopita nilirudi kwa mzee na kumwomba rundo la sita. Nilikuwa nimechambua lile la tano hadi mikono ikawa myeusi, nikapata Kusadikika nakala mbili, Bina-Adamu! ya Wamitila, na Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed. Nikaviweka kando juu ya kipande cha katoni.

"Hapo naandika nini?" akauliza.

"Andika: Kiswahili, cha angani."

Alinitazama kwa muda. "Andika wewe. Na visiponunuliwa, unavibeba vyote."

Nikaandika kwa kalamu yake nene. Wiki jana nilipita pale. Katoni amelikalia, kwa sababu kulikuwa kumenyesha na gunia limeloa. Vitabu amevirudisha kwenye rundo la tano. Lakini Kusadikika imebaki moja. Nilimuuliza aliyenunua ni nani.

"Msichana tu," akasema. "Alisoma kwanza hiyo katoni."